Neno Nililosoma Vibaya

Nyumbani, chumba cha cherehani,
Alhamisi, 13 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kasuku,

Pokea salamu zangu na za shemeji yako. U hali gani huko? Kifua chako kinaendeleaje na baridi? Watoto wanasoma vizuri? Sisi tu wazima, ila goti langu la kukanyagia cherehani linanisumbua. Najua utashangaa kuuona mwandiko huu. Tangu tumzike mama ni miaka minne, na sijakuandikia hata mstari mmoja.

Kazi ipo. Mwezi huu ni sare za shule tu. Mteja mmoja amenirudishia suruali mara mbili akidai inambana, kumbe ni yeye aliyenenepa. Nimeipanua nikanyamaza, jambo ambalo mwaka jana nisingeliweza.

Tangu Januari tunasoma Biblia kila asubuhi kabla ya kufungua duka: mimi, shemeji yako na jirani yetu fundi saa. Sura moja, kwa zamu, kwa sauti. Usidhani nimekuwa mtakatifu. Wiki za kwanza nilikuwa nasikiliza huku akili iko kwenye vifungo, na siku nyingine nilisingizia goti. Lakini tuliendelea, na polepole yale maneno yakaanza kunifuata hadi kazini.

Wiki iliyopita zamu ilikuwa yangu, Wakolosai sura ya tatu. Unanijua, nasoma mbiombio. Nikasoma, "mkichukiana, na kusameheana". Fundi saa akainua kichwa.

"Dada, hebu rudia hapo. Kuchukiana kumeingiaje?"

Nikamjia juu, nikamwambia macho yangu bado mazima. Nikaweka kidole kwenye mstari ili nimkomeshe. Imeandikwa "mkichukuliana". Shemeji yako alicheka mpaka akapaliwa. Mimi kicheko hakikuja. Herufi zilikuwa wazi kabisa, Kasuku, na mimi nikasoma kilichokuwa moyoni mwangu. Niliona aibu mbele za Mungu, nikamwachia shemeji yako amalizie sura.

Nimekaa na neno hilo wiki nzima. Kuchukuliana: wewe unibebe na mimi nikubebe, kila mmoja na uzito wake. Mimi nimekuchukia tangu siku ile nilipokuwa kaburini kwa mama naitazama barabara, nawe hukutokea. Nakuambia waziwazi kwa sababu nimechoka kusali na chuki ndani.

Barua zako tatu zilifika. Ziko kwenye droo ya nyuzi, sijafungua hata moja. Fundi saa aliniambia, "Zifungue kwanza, dada, huenda alikuwa na sababu." Nimekataa. Nakuandikia kabla sijazisoma, nisije nikakusamehe kwa kuwa tu sababu zako ni nzuri. Nimekusamehe, mdogo wangu. Nawe unisamehe miaka minne ya kukunyamazia.

Msalimie sana wifi yangu. Watoto waambie shangazi yao anawakumbuka, hata yule mdogo ambaye sijamwona. Shemeji yako na fundi saa wanakusalimu. Mungu awafunike nyote kwa amani yake, mkilala na mkiamka.

Sasa naifunga hii niipeleke posta. Nikirudi, ndipo nitazifungua zako.

Wako,
dada anayekupenda tena.