Sinema ya Sajenti na Mdogo Wake

Baba,

Mvua zimeanza huku Mpanda, na kaburi lako lilikuwa limetitia upande wa miguuni. Usijali, limeshajazwa udongo. Aliyelijaza ni baba mdogo Gervas. Ndiyo, mdogo wako, yeye mwenyewe.

Unaikumbuka ile sinema ya zamani ya polisi, isiyo na rangi, tuliyoiona kwenye ukumbi wa parokia? Sajenti anamkuta mdogo wake na mali ya wizi, anamtia pingu kwa mikono yake. Ukumbi mzima ukapiga kelele, "Mwachie, ni ndugu yako!" Miaka ilikuwa imepita tangu wewe, askari wa wanyamapori, umkamate Gervas na nyama ya nyati njia ya Inyonga, akafungwa, na Bibi, mama yenu, akakataa hata salamu zako. Nilikaa ubavuni mwako, nikakusikia ukisema polepole, "Na mimi nilitaka kumwachia."

Basi. Tukarudi nyumbani.

Kwenye msiba wako Gervas alikuja, akakaa peke yake, hakula. Mwezi uliopita parokia wakatangaza sinema ile ile, nikamwita. Akaja na basi. Ilipofika pale penye pingu akaniuliza, "Kaka aliiona hii?"

Nikamwambia aliiona. Nikamwambia na ulichosema.

Baba, alijifunika uso kwa mikono yote miwili. Watu wakaondoka, jenereta ikazimwa, yeye bado amekaa kwenye benchi. Kisha akasema, "Mimi nilidhani alifurahi. Miaka yote hii nilidhani alifurahi."

Kesho yake akaomba jembe, tukaenda makaburini. Alifanya kazi akiongea na wewe kwa Kikonongo. Sikusogea karibu. Yale yalikuwa yenu wawili.

Sasa yuko hapa nyumbani, anamsaidia Mama kupanda mahindi. Mama anasema anakoroma kama wewe, na juzi Mama alicheka, mara ya kwanza tangu tukuzike. Mimi bado nikisikia buti nje nainuka kufungua mlango. Hilo... hilo sijalizoea.

Pumzika, Baba yangu. Tukimaliza kupanda nitakwenda na Gervas kwa Bibi. Amezeeka, lakini bado anasikia vizuri. Nitakaa naye mkekani nimweleze yote, na salamu zako safari hii atazipokea.

Binti yako,
Neema