Maelezo ya Pili Kuhusu Safari ya Milcah Kutoka Uwanja wa Ndege

Kituo cha polisi, Doha. Ijumaa, tarehe 8 Machi 2013.

Jina: Winfred Mumbua Kilonzo. Umri: miaka 29. Uraia: Mkenya. Kazi: mlinzi katika jengo la makazi, The Pearl. Makazi: Al Rayyan. Maelezo yametolewa kwa Kiswahili mbele ya afisa wa zamu na mkalimani.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Leo jioni nilitoa maelezo ya kwanza hapa hapa, nikasema dereva Gulzaman amemuuza mdogo wangu. Nimeomba kuandikisha tena kwa sababu nilikosea. Mama mkalimani ameniambia nianze mwanzo na nisiruke kitu. Nitajaribu.

Mdogo wangu anaitwa Milcah Ndinda, ana miaka ishirini na mbili. Leo ndiyo mara yake ya kwanza kupanda ndege. Amekuja kufanya kazi ya kufua nguo hotelini, na mtu wa kampuni aliyetakiwa kumpokea hakutokea. Mimi nilikuwa zamu. Nilimsihi msimamizi wangu aniachie nikamchukue, akaniambia uwanja wa ndege una viti, akae angoje. Nikanyamaza kwa sababu ya mkate wangu.

Mnamo saa nane na nusu mchana nilipigiwa simu na namba nisiyoijua. Alikuwa Milcah. Alisema mwanamume mmoja waliyeshuka naye ndege moja amemwazima simu, ni mpole na anajua Kiingereza. Nilimuuliza kama ni Mkenya. Akasema hapana, hajui ni wa wapi. Nikamwambia amrudishie simu yake, amshukuru, kisha apange foleni ya teksi za samawati.

Akasema, "Foleni ni ndefu, dada. Na kuna gari hapa, huyu baba pia anaelekea huko huko."

Hapo ndipo nilipopaswa kukataa. Lakini Ijumaa teksi ni za kutafuta kwa tochi, na hata sisi tuliozoea mji huu tunapanda hizo gari za watu binafsi. Tunaziita lifti. Mnachangia gari abiria wawili watatu msiojuana na kila mtu anashuka kwake. Kwa hiyo nilianza kumwelekeza. Doha hakuna anayeelekezwa kwa namba ya nyumba, tunaelekezana kwa mizunguko ya barabara, maduka na misikiti. Nilimwambia wakishaingia Al Rayyan atazame mkono wa kulia, akiona kituo cha mafuta na duka la mikate vimepakana, amwambie dereva asimame. Peninah, Mkenya tunayeishi naye chumba kimoja, angekuwa nje anamngoja.

Nikiwa bado naongea, nilisikia sauti ya dereva nyuma yake ikiuliza, "Sawa sawa?" Milcah akajibu, "Sawa sawa." Mlango wa gari ukafungwa na simu ikakatika. Nilicheka kidogo. Nilijisemea, huyu mtoto hata vumbi la safari hajajipangusa na tayari anaelewana na watu.

Safari hiyo siku ya Ijumaa haifiki nusu saa. Saa tisa na nusu Peninah alinipigia akasema hajaona mtu. Saa kumi kasorobo akasema vile vile. Niliipiga ile namba ya yule mwanamume, ikaita mpaka ikachoka. Nikaipiga tena, ikaita. Mara ya tatu ilikuwa imezimwa.  Niliogopa kwa namna ambayo sijawahi kuogopa tangu nizaliwe, na nimeshawahi kumzika mzazi.

Niliweka redio ya mkononi juu ya meza ya mapokezi nikatoka na sare yangu. Kama nimefutwa kazi, basi nimefutwa. Nilitembea mpaka barabarani ndipo nikapata teksi. Njia nzima nilichungulia kila gari jeupe, na Doha magari meupe ni kama mchanga. Kila tulipoingia mzunguko niliona zile barabara zinazotoka pande zote, na kila moja nikawaza, labda ni hii. Miaka mitatu nimeuona mji huu mdogo. Leo niliuona hauna mwisho. Dereva wa teksi aliniuliza kama naumwa.

Uwanja wa ndege nilimkuta Job, kijana wa Kisii anayesukuma toroli za mizigo. Nilimwonyesha picha ya Milcah. Akasema alimwona akiingia kwenye gari jeupe lenye kioo cha pembeni kilichofungwa kwa gundi ya kijani, yeye na mwanamume mmoja mwenye begi jeusi. Akasema dereva huyo ni Mpakistani, hushinda hapo kila siku, atarudi tu kutafuta abiria.

Na kweli alirudi. Sikumpa nafasi hata ya kuzima injini. Nilimkamata ukosi wa kanzu nikamuuliza mdogo wangu yuko wapi. Alianza kusema, "Madam sawa sawa, baba sawa sawa," huku akivisugua vidole vyake viwili vya shahada ubavu kwa ubavu. Mimi nilidhani ananionyesha matusi, ananiambia walichomfanyia. Nikamzaba kofi. Polisi wakaja wakatuleta hapa sote wawili, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nalia kwa sauti, mimi ndiye niliyesikilizwa kwanza. Yeye aliwekwa ndani.

Baada ya maelezo ya kwanza niliketi kwenye benchi la ukumbini. Waliingia bwana mmoja na mkewe na mama mzee. Askari wa mlangoni aliwanyooshea kidole mmoja mmoja akauliza, "Sawa sawa?" Yule bwana akaitikia, na wote watatu wakapitishwa kwa mara moja.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwa lugha ya huku, sawa sawa ni pamoja. Si kwamba nilikuwa silijui neno hilo. Mimi mwenyewe kazini huwauliza wageni hivyo hivyo wakija wawili mlangoni, ili nijue kama wanakwenda nyumba moja. Lakini likitoka kinywani mwa Milcah nililisikia kama la nyumbani. Dereva aliuliza kama yeye na yule mwanamume wako pamoja. Mdogo wangu, kwa adabu zake, akaitikia kuwa hakuna neno. Basi dereva akachukua nauli kwa mwanamume, akawapeleka alikoelekezwa na mwanamume, akawashusha wote wawili na mizigo yao, akaenda zake. Na vile vidole viwili alikuwa ananiambia hilo hilo. Milcah bila shaka alikuwa garini anangoja huyo baba ashuke kwanza.

Nilikimbia kwa afisa nikamweleza. Nilimwambia huyu mtu si mwizi, huyu ndiye peke yake anayeijua hiyo nyumba. Walimtoa wakamuuliza upya. Alisema ni nyuma ya magereji ya Eneo la Viwanda, geti la bluu, na kwamba alijaribu kusema tangu mwanzo. Gari la polisi limeondoka naye. Mimi nimeambiwa nibaki niandikishe. Tangu waondoke sijui kinachoendelea, na ninaogopa kujua.

(Maelezo yamesimamishwa saa moja na dakika ishirini usiku. Afisa ameingia na simu. Yameendelea saa moja na dakika arobaini.)

Naendelea. Simu ilikuwa ya askari aliye huko. Mwanamume wamemshika getini akitoka. Milcah alikuwa amejifungia bafuni tangu mchana na hakutaka kumfungulia yeyote. Askari walimsemesha kwa Kiarabu na Kiingereza. Walimleta dereva mlangoni amtulize, na Milcah aliposikia sauti yake akapiga mayowe. Ndipo wakapitisha simu chini ya mlango.

Nilimwita Ndinda, ndivyo tunavyomwita nyumbani.  Nikamwambia kwa Kikamba kwamba ni mimi, na watu hao ni polisi. Nilimsikia anapumua.

Akaniuliza, "Nani amekushika?"

Nikasema hakuna aliyenishika.

"Mbona unalia, kama hakuna aliyekushika? Wamekulazimisha uniite."

Nilimbembeleza, na kadiri nilivyobembeleza ndivyo alivyozidi kukataa. Mwishowe nilishindwa. Nikamfokea, "Ndinda, mimi tangu lini nikambembeleza mtu? Fungua huo mlango kabla sijaja huko nikufungulie kwa mateke!"

 Nikasikia komeo likifunguliwa.

Niliyosema ndiyo niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe, nimesomewa na ni kweli. Naomba iandikwe pia kwamba nilimpiga dereva kofi na hakustahili.

Sahihi ya shahidi: W. M. Kilonzo

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Thuwaiba Nassor, mkalimani, na kumsomea shahidi kwa Kiswahili. Dereva amerudishwa mahabusu kwa kosa la kubeba abiria bila kibali. Shahidi ameomba ampelekee chakula. Ameruhusiwa.