Mwanza kwa Kupitia Dar

Jumatatu, tarehe 6
Nimepepeta mtama. Nimefukuza mbuzi wa jirani, hawana adabu kama mwenyewe. Jioni simu. Nyemo, binti yangu aliyeolewa Mwanza. Mumewe Lazaro kamvunja meno mawili kwa pasi. Na mimba anayo. Analia chinichini asisikiwe. Nimemwambia nakuja kumchukua.

Jumanne, tarehe 7
Nimetoka kijijini kwetu Haneti mpaka mjini kwa mwanangu Yona, karani. Basi la Mwanza ni kutwa nzima. Yona kapima kwenye simu. "Mama, kwa mstari ulionyooka si mbali. Ndege ni mwendo wa saa moja na kidogo."
Halafu mpumbavu huyu akampigia Lazaro kumtisha: kesho saa nne asubuhi mama yuko mlangoni kwako. Nimemzaba kofi, na ndevu zake zote. Nyoka haambiwi fimbo inafika saa ngapi.

Jumatano, tarehe 8
Uwanjani wameninyang'anya fimbo. Tumepaa, jua usoni. Mwanza si iko linakozama? Nikamuuliza binti wa ndege. "Bibi, tunapitia Dar. Utabadilisha ndege huko."
Mstari wa Yona! Nimekaa Dar kama gunia. Saa nne ikapita. Simu ya Nyemo haipatikani. Moyo ulishajua.
Nimefika jioni. Mlango umefungwa. Nimepiga kitasa kwa jiwe mpaka kikaachia. Nyemo sakafuni, damu kichwani, damu miguuni. Lazaro juu yake na mchi wa kinu.
Kwetu Wagogo mkwe na mama mkwe hawatazamani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini. Tangu amuoe mwanangu sijamtazama usoni. Aliponiona akaangusha mchi, akafunika macho, akageukia ukuta. Anaua mke, halafu ananionea haya!
Nikaokota mchi. Nimempiga magoti, akaanguka. Nimeupiga mkono ule wa pasi. Mfupa umelia. Nikarudia. Majirani ndio walionivuta.

Alhamisi, tarehe 9
Hospitali. Nyemo yuko hai. Mtoto katoka. Alikuwa wa kiume.
Lazaro kafungwa pingu kitandani, wodi nyingine. Askari kaniuliza kama nilikusudia.
"Mwanangu, nimepanda ndege mbili. Unadhani nilikuja kusalimia?"
Kacheka, kaandika. Wataniita wakinihitaji. Waite.
Yona kapiga, analia. Nimekata simu.

Jumanne, tarehe 14
Tumerudi kwa basi. Nyemo hakutaka ndege, nami sikutaka. Shinyanga kaegemea bega langu. Singida nimemlisha uji kwa kijiko, meno yanamuuma. Bega likafa ganzi, sikulisogeza. Karibu na Manyoni dereva akaanza kukimbia. Nikamwita taratibu, nisimwamshe mtoto wangu. Nikamwambia apunguze, hatuna tunakowahi.