Maji Yenye Badudu

Kamina, Siku ya Mungu

Mama wangu mpenzi,

Wakomapo, Mama. Mguu wako umepoa? Samaki wanaingia bado kwenye mitego huko Mulongo? Mimi ni mzima, Tantine mdogo wako pia, lakini mtoto wake Zozefu aliharisha sana, na chanzo ni mdomo wangu. Yaya, dada yangu mkubwa anayekusomea, hapa asome kwa sauti ya chini, majirani wasisikie.

Kuna Mzungu amekuja kuchunguza bwawa tunapochota maji. Anavuta wavu wa kitambaa chepesi, kisha anatazama kwa kioo cha kukuzia. Aliniita niwaelezee akina mama, maana najua Kifaransa. Unanijua, Mama: nikitazamwa, sauti inakwisha. Alisema majini kuna "petites bêtes", vinyama vidogo vya kila namna, na ni vizuri. Nikatafsiri mbio, macho chini:

"Maji iko na badudu ya kila namna. Iko muzuri."

"Badudu njo muzuri?" Tantine akauliza. "Weye, masomo imekuharibu kichwa!"

Wakacheka, wakamwaga ndoo zote. Tangu hapo wakachota kwenye shimo la nyuma ya depo ya treni, panapoingia mafuta ya mashine. Ndipo tumbo la Zozefu likaharibika.

Mzungu akapima shimo lile pia. Akanionyesha kwenye kioo: vidude vya namna moja tu vinarukaruka. Vile vingine vyote vimeshindwa kuishi humo. Nikakukumbuka wewe mtumbwini, unavyochota maji kwa kiganja, unayatazama, unasema, "Haya, watoto wa samaki watakula."

Nikamkuta Tantine njiani, Zozefu mgongoni, ndoo kichwani, anaelekea depo. Nikamzuia.

"Tantine, nilikosa neno. Haiko badudu ya magonjwa. Njo chakula ya batoto ya samaki. Ku shimo yote imekufa, imebakia namna moja."

"Nani amekuambia? Ule Musungu?"

"Hapana. Mama."

Kisha akageuka, akashika njia ya bwawa.

Sasa tunachemsha maji ya bwawa, na Zozefu ameanza tena kulilia sahani ya bukari. Lakini wenzake Tantine bado wanakwenda shimoni, na Mzungu anataka niseme mbele yao wote baada ya misa. Naogopa, Mama. Kifaransa kina jina la vidude hivyo. Kiswahili changu kina badudu tu. Kwa Kiluba mnaviitaje? Nitumie neno hilo. Nikiwa nalo mdomoni, nitasimama.

Nisalimie mumeo, Tata, na babu Nkambo anayesuka mitego.

Ni mimi, mtoto wako wa sauti ndogo,
Marta