Mama Anasema Hana Haraka

Bawshar, Maskati
Jumanne, baada ya chakula cha mchana

Dada yangu Tekla,

Salamu zangu zikufikie hapo Iringa, wewe na shemeji na watoto. Mgongo wako unaendeleaje? Na baridi ya huko imepungua, au bado mnalala na masweta? Mimi nilikuwa mzima mpaka Ijumaa iliyopita. Nakula, nafanya kazi, homa sina. Utaona sijauliza habari za Mama kama ninavyouliza siku zote kwenye mstari wa kwanza. Sijasahau.

Nimejua, Dada.

Usihangaike kumtafuta aliyenidokeza, maana hana kosa. Ijumaa nilikwenda Ruwi kusali. Huku Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko, kwa hiyo na sisi Wakristo tunasali siku hiyo hiyo, tumeshazoea. Baada ya misa wanawake wa kwetu husimama karibu na stendi ya mabasi wakipeana habari kabla kila mtu hajarudi kwa tajiri wake. Hapo nikakutana na mama mmoja mchangamfu, ana mwezi mmoja tu tangu aje, anafanya kazi nyumba moja ya Khuwair. Kumbe ni wa kigango kinachopakana na chetu. Aliposikia mimi ni Skola, binti wa Mama Anna anayefua vitambaa vya altare, akanishika mikono yote miwili.

"Pole sana, dada, kwa msiba wa mama," akasema. "Tulimzika vizuri. Mvua ilinyesha lakini watu hawakuondoka."

Unajua nilimjibu nini? Nilimjibu, "Asante, tumeshapoa." Mdomo ulijibu wenyewe, kama tulivyofundishwa tangu watoto. Ningewezaje kumwaibisha mgeni wa watu pale stendi? Nikamuuliza habari za safari yake, nikamuuliza kama mahindi yalikubali mwaka huu. Halafu nikauliza, kama mtu aliyepotewa na tarehe kidogo tu, hivi ilikuwa lini vile. Akasema wiki moja kabla ya Jumapili ya Matawi.

Kabla ya Matawi. Na ile kadi ya Mama niliituma mwezi wa saba.

Ngoja nikusimulie habari ya kadi ile vizuri, maana nilikuandikia juujuu tu. Unajua kwamba Bi Zuwena, mama mwenye nyumba hii, alinichukua kwenda naye Italia kumtazama kijana wake wa mwisho anayesomea kuchora majengo. Nilidhani nimechukuliwa kwa ajili ya magoti yake, maana ngazi zinamshinda. Siku ya tatu kijana akatupeleka kwenye kanisa moja kuukuu katika mji wake, akatuonyesha dari. Mimi dari haikunihusu. Nilikuwa nasoma majina ya watakatifu kwenye altare za pembeni, nikaona S. Anna.

Palikuwa giza. Kumbe kwenye nguzo kuna kisanduku kina tundu, unatia sarafu, taa inawaka juu ya picha kwa muda wa kusali Baba Yetu mara mbili tatu, halafu inazimika yenyewe. Bi Zuwena alikuwa amekaa kwenye benchi na buibui lake, viatu amevivua. Akanipa sarafu, akaniambia, "Haya, nenda katazame. Mie nnapumzisha magoti hapa."

Taa ikawaka, Dada. Picha kubwa kuliko mlango wa ghala. Ni Mtakatifu Anna siku ya kufa kwake. Si mtakatifu wa kwenye kalenda, mwenye mashavu mekundu. Ni bibi kizee kabisa, uso umeisha rangi, mdomo umeachama kidogo, shingo imebaki mishipa. Aliyechora amejaza giza kila mahali, mwanga umemwangukia yule mgonjwa peke yake, na mikono ya binti yake. Kwa sababu Bikira Maria yuko hapo, amepiga magoti mwisho wa kitanda, ameizungushia miguu ya mama yake kitambaa, ameishika. Pembeni kuna beseni la maji. Mzee mmoja amegeukia ukutani. Juu wapo malaika, wanene kama watoto wa kliniki siku ya kupimwa uzito, lakini Maria hawaangalii. Anaangalia miguu.

Nilishangaa mzungu wa zamani hizo amejuaje. Si Mama ndiye aliyetufundisha, alipomuuguza Bibi? Baridi inaanzia miguuni, mtoto wa kike akae upande huo. Nakumbuka wewe ulikaa siku nzima, mimi ukanifukuza kwa sababu nilikuwa nacheka.

Taa ikazimika. Nikarudi kwa Bi Zuwena, akanipa sarafu nyingine bila kuulizwa. Ikazimika tena, akanipa tena. Nikamwambia, "Bibi, huyu ni wajina wa mama yangu. Mama akiiona hii atafurahi mpaka atacheza." Bi Zuwena akainamisha kichwa. Nikaona machozi, nikamuuliza, akasema ni magoti. Nikaamini. Mtu analia mbele yangu, nami nikaenda zangu kwa furaha kununua kadi ya picha ile mezani kwa mzee wa mlangoni.

Nyuma ya kadi niliandika, unajua nilichoandika, wewe ndiye uliyeipokea. "Mama, huyu ni wajina wako siku yake ya mwisho. Tazama binti yake alivyomshika. Na mimi nitakuja kukushika hivyo hivyo, ila bado sana, usiharakishe." Nilijiona nimetania vizuri.

Na wewe ukanijibu. Barua yako ninayo hapa. Umeandika, "Kadi imefika, Mama amecheka sana, ameiweka kwenye kitabu chake cha sala. Anasema hana haraka."

Dada Tekla. Uliwezaje kuandika maneno hayo?

Niliporudi kutoka Ruwi, nilimkuta Bi Zuwena jikoni anachambua mchele. Sikumsalimu. Nikamuuliza, "Bibi, ulijua?" Akaisukuma sinia pembeni.

"N'lijuwa, mwanangu," akasema. "Dadaako alipiga simu hapa nyumbani wewe umekwenda kuanika nguo. Analia, mpaka simu ikakatika, akapiga tena. Akan'ambia nisikwambie, uko peke yako ugenini, mkataba haujesha, utalia na nani. Nikamkubalia."

"Ndiyo maana ukanipeleka Italia?"

"N'litaka ukacheke kidogo. Sikujuwa kama kule kanisani kuna mtu anakufa."

Halafu akaniambia jambo ambalo hajawahi kuniambia. Mama yake alifia Unguja, yeye yuko huku, na wakati ule njia ya kurudi haikuwepo. Ndugu zake walimficha miezi sita. "Nikaapa mie sitomficha mtu," akasema. "Na wewe nimekuficha. Nnakuomba radhi." Tukalia wote wawili, mchele hapo, mpaka mkwe wake akaingia akadhani tumegombana.

Kwa hiyo yeye nimemsamehe. Wewe bado. Usinielewe vibaya, najua ni desturi yetu, walio mbali hawaambiwi. Na mimi nilikusaidia kumficha Kaka Gaudensi msiba wa nyumbani alipokuwa Tabora jeshini, tukaona tumefanya hekima. Leo ndiyo nimejua tulimfanyia nini. Miezi yote hii nimemnunulia Mama vitu. Nimemnunulia kanga mbili na chupa ya chai isiyovunjika, viko chini ya kitanda changu. Nimemwombea uzima kila jioni, aliye kaburini. Nilisimama mbele ya picha ya mama anayekufa nikacheka, na wangu ameshaoza, samahani kusema hivyo, lakini ndivyo.

Jana nimeisoma barua yako tena. Pale uliposema "hana haraka" wino umekolea, kama mtu aliyesimamisha kalamu muda mrefu. Sikuwa nimeona. Nikakuwaza umekaa kwenye kile kigoda, kadi mkononi, unatafuta Mama angejibu nini. Na kweli angejibu hivyo hivyo. Hapo ndipo hasira ilipopungua, si kwamba imeisha.

Sidai uniombe radhi. Nataka unieleze. Aliugua siku ngapi? Aliniita? Uniandikie yote, usinipunguzie, nimeshakuwa mtu mzima. Na jambo moja kuliko yote, nani alimshika miguu? Kama ni wewe, niambie ilikuwa ya baridi kiasi gani. Kama ulikuwa umekwenda kuchota maji na hapakuwa na mtu, niandikie hivyo hivyo, hapakuwa na mtu. Usinitungie tena.

Nisalimie shemeji, mwambie nimejua kwamba hata yeye alikuwa anatia sahihi uongo kwenye barua zako. Kaka Gaudensi mwambie anisamehe ya Tabora. Watoto wako wote wabusu, na mdogo kuliko wote mpe peremende niliyofunga humu. Jirani Mama Klotilda, rafiki wa Mama wa kwaya, mshike mkono kwa niaba yangu. Pembeni mwa ukurasa huu utaona mstari nimeukata. Ni salamu zangu kwa Mama. Nilishaziandika, ndipo nikakumbuka. Nimekata mara moja tu, bado zinasomeka. Ukienda makaburini msomee.

Ni mimi mdogo wako,
Skola