Handaki Nililolichimba Kama Ntumba

Kambini, Jumapili mchana

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama naye nampa shikamoo yake peke yake, isichanganywe na yako. Natumaini barua hii inawakuta wazima, goti la Mama limetulia, na ule upepo wa Juni umeacha kuwachapa. Mimi ni mzima kabisa. Nimekonda kidogo usoni lakini mikono imejaa, na ugali wa huku naumaliza wenzangu wakiwa bado wanaupoza.

Najua hukutarajia kwamba mpaka leo ningekuwa bado kwenye kambi ya jeshi. Siku ninaondoka ulisema jembe langu unaliweka darini, nitalikuta, maana sitamaliza hata mwezi. Halafu ukashika njia ya shamba, Mama akanisindikiza stendi peke yake. Iliniuma Baba, sikufichi. Tangu kaka Desideri ahamie Mpanda na biashara yake ya mitumba, mimi ndiye niliyekuwa nalima nawe bega kwa bega, na neno lako nililitaka kuliko la mtu mwingine yeyote. Sasa nina mwezi wa tano hapa, na nataka nikusimulie mwenyewe, usije ukaletewa habari zilizopikwa sokoni Mazwi.

Mazoezi ya kila siku hayakunisumbua. Alfajiri tunakimbia mchakamchaka tukiimba, na wasichana wa mjini wanashika mbavu. Mimi niliyezoea kupanda mlima na debe la mahindi kichwani, naona wakufunzi wametuonea huruma. Baridi wanayoilalamikia huku ingekuwa Sumbawanga tungeiita joto. Kwenye gwaride nilikosea mguu wiki mbili za kwanza, kisha nikazoea. Kwenye shabaha nimewaacha wavulana wengi, na wao wenyewe wanajua.

Kilichotaka kunirudisha nyumbani ni handaki. Cheka tu. Mtoto wa mkulima wa Kifipa, amekwama kwenye kuchimba!

Ilikuwa hivi. Karibu na mwisho wa mafunzo tunapelekwa porini, na kila makuruta wawili wanachimba handaki la kujificha. Anayeshindwa jaribio hilo anafungasha virago kabla ya kula kiapo. Mwenzangu ni Zainabu, binti wa Tanga, mcheshi sana, lakini jembe alikuwa hajawahi kulishika. Nikamwambia akae pembeni anipe maji. Nikapiga kazi! Wenzetu walikuwa hawajafika magotini, sisi tulishamaliza, nikaegemea sepetu nikiwaangalia kwa dharau kidogo. Dharau hiyo niliilipia.

Sajenti wetu, mtu mfupi mwenye sauti ya kengele ya parokia, akangoja wote wamalize, akatupandisha kwenye kilima cha jirani.

"Mnaona nini kule chini?"

"Handaki, afande!"

"Mangapi?"

"Moja, afande!"

Lilikuwa langu. Baba, mikono yangu ilikuwa imefanya kama ulivyoifundisha. Unakumbuka mbolea ilivyopanda bei serikali ilipoacha kutusaidia, ukasema turudie ntumba za babu, yale matuta ya mviringo ya kufukia majani yaoze chini? Miaka yote ile nimegeuza udongo majani yakae chini. Basi na porini nikageuza vilevile, nikavunja mabonge, nikalizungushia shimo udongo mwekundu mpaka likapendeza. Tuta safi kabisa! Ungeliona ungenisifu. Lakini kwa askari, udongo mwekundu katikati ya nyasi ni sawa na kumpungia adui mkono.

"Kuruta Skolastika, umepanda nini pale?"

Nikajikuta nimejibu, "Bado sijapanda, afande."

Kilima kizima kikacheka. Sajenti hakucheka. Akasema tufukie, turudie keshokutwa, na tukikosea tena yeye mwenyewe atatusindikiza kwenye basi, mimi na Zainabu.

Hapo ndipo nilipoogopa kwa mara ya kwanza tangu nije. Sikuogopa adhabu. Niliogopa kushuka stendi ya Sumbawanga na begi langu, nikupite uani. Ungepanda darini kuniteremshia jembe langu, na mimi ningejua. Zaidi ya hapo, nilikuwa ninamrudisha na Zainabu wa watu, ambaye kosa lake lilikuwa kuniamini.

Kesho yake tulifanya mazoezi nyuma ya jiko. Mkono una ukaidi, Baba. Kila nikikata bonge, linageuka lenyewe majani chini. Zainabu akakaa mbele yangu na mwiko aliouazima kwa wapishi, kila nikigeuza ananigonga kiwikoni: "Majani juu, dada! Majani juu!" Mpaka jioni kiwiko kilikuwa kimevimba, lakini mkono ulikuwa umesikia.

Siku ya kurudia hatukukimbilia kushinda mtu. Nilikata nyasi pamoja na udongo wake, vipande vipana, Zainabu akavipanga kivulini kwa mpangilio wake. Nikachimba. Udongo mwekundu tukaukokota kwa turubai mpaka kwenye korongo. Kisha tukafunika kwa miti, tukarudisha vile vipande kila kimoja mahali pake. Wenzetu, siku ile ya kwanza, walifyeka nyasi za mbali na kuzitandaza juu ya mahandaki yao, wakaenda kupumzika. Nikamwambia Zainabu, nyasi hizi zimeng'olewa, kesho zitanyauka kama hazikunywa. Tukazimwagilia maji yetu ya kunywa, na tukashinda na kiu. Hilo nalo nimelitoa kwako, kwenye miche ya kabichi.

Ukaguzi ulikuwa kesho yake saa sita, jua kali. Kutoka kilimani, walivyotusimulia waliokuwa juu, mahandaki ya wenzetu yalionekana mabaka makavu ya kahawia. Letu halikuonekana. Sajenti akateremka kulitafuta kwa miguu, akizunguka na kunung'unika, mpaka mguu wake ukazama ndani hadi gotini. Sisi tuko humo, tumejibana, Zainabu amejiziba mdomo asicheke.

Akainama. "Nani alikufundisha hii?"

"Baba yangu, afande."

"Alikuwa kikosi gani?"

"Mkulima, afande. Wa Ufipa."

Akatikisa kichwa, akaandika kwenye daftari lake. Tumefaulu, Baba. Juzi akawaleta makuruta wapya walione, mimi nikawaeleza, na kila nilipofika kwenye maji nilitaja jina lako.

Nisalimie Bibi, mwambie meno yangu yote yapo, jeshi halijayang'oa kama alivyohofia. Msalimie shangazi Gaudensia wa Katandala aliyenipa blanketi, wenzangu wanaligombania. Wifi yangu Oresta mpe pole ya kubaki na watoto, na kaka akija mwambie aniletee viatu vya kuvaa mtaani, buti nimezishiba. Jirani yetu Msukuma naye msalimie sana, na ng'ombe wake pia, ila wasiingie tena kwenye maharage.

La mwisho ni hili. Tunaapishwa mwisho wa mwezi ujao, na kila kuruta ameruhusiwa kiti cha mgeni mmoja. Mama anisamehe, nimetaja jina lako. Karani aliniuliza kama nina hakika utakuja, maana wapo wanaoomba viti vya ziada, na ukiwa na shaka anaandika kwa penseli ili aweze kufuta. Nilimsogezea kalamu yake, Baba. Kisha nikamwambia aandike kwa wino.

Mwanao anayekupenda,
Skolastika