Honi Mbili Kabla ya Kupita

MAELEZO YA NYONGEZA YA SHAHIDI

Jina: Fundi Mizani, kama ninavyojulikana kazini na mtaani
Umri: miaka 34
Kazi: kutengeneza na kupima mizani za maduka, maghala na zahanati
Elimu: kidato cha nne
Makazi: chumba namba 6, ghorofa ya pili, jengo lililo nyuma ya kiwanda cha magodoro
Tarehe na saa ya kuandikwa: Ijumaa, tarehe 20 mwezi wa sita, saa 3:05 asubuhi

Nimeonywa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Nimeelewa. Nimekuja kwa hiari yangu, sikuitwa.

Jumatatu tarehe 16 niliandikisha maelezo mafupi katika kituo hiki. Nilisema kwamba Jumamosi tarehe 14, kuanzia saa 10:00 hadi saa 11:15 jioni, shemeji yangu, yaani mume wa dada yangu mkubwa, alikuwa nyumbani kwake akicheza gemu pamoja nami kwa njia ya intaneti. Nilitia sahihi. Sikuulizwa nimejuaje kwamba alikuwa nyumbani, nami sikujiuliza mpaka nilipofika kwangu. Leo naomba kusahihisha.

Kwanza naeleza jinsi tunavyocheza, kwa sababu bila hilo mengine hayataeleweka. Mimi, shemeji na msusi wa ghorofa ya chini ni timu ya watu watatu katika mchezo wa mashindano ya magari. Kila mmoja ana kifaa chake cha gemu na televisheni yake. Vifaa vyetu havipitishi sauti. Waliovitengeneza wameiweka sauti kwenye programu ya simu, kwa hiyo magari yanapita kwenye televisheni na maneno yanapita kwenye simu. Kwa sikio moja unasikiliza simu, kwa la pili unasikiliza televisheni. Msusi husema tunaonekana kama watu wanaopokea salamu za misiba miwili kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo kifaa cha gemu hakijui simu iko wapi. Simu nayo haijui ni nani ameshika rimoti ya gemu. Jumatatu sikulieleza hili.

Mimi ndiye kapteni wa timu. Nina daftari ambalo naandika tarehe, saa na matokeo ya kila mbio. Nimekuja nalo. Katika ukurasa wa tarehe 31 mwezi wa tano nimeandika: "Shemeji hakutokea. Nimemwambia akikosa mara ya pili namtoa kwenye timu. Amesema sawa, kapteni." Naomba hilo lisomwe pamoja na yanayofuata.

Jumamosi tarehe 14, saa 9:52 alasiri, shemeji aliingia kwenye programu ya simu. Kwa kawaida televisheni yao husikika nyuma yake, na watoto pia. Siku hiyo sikusikia chochote kati ya hivyo. Nilimuuliza. Alisema amevaa spika za masikioni na watoto wamelala.

Saa 10:00 kamili tulianza. Gari lake kwenye mchezo ni la kijani. Shemeji huendesha kwa kugonga. Hapiti gari lolote bila kulisukuma ukutani, nami nimemkanya mara nyingi. Siku hiyo gari la kijani halikugonga mtu. Lilipunguza mwendo kwenye kila kona. Katika mbio ya tatu msusi alisema, "Shemeji leo una nini? Unaendesha kama umebeba trei ya mayai."

Shemeji alicheka. Alisema, "Ustaarabu, jamani. Mtu hubadilika."

Msusi akasema, "Hubadilika, lakini si kati ya Ijumaa na Jumamosi."

Saa 10:31, katika mbio ya tano, nilisikia kwenye simu mlio wa tik, tik, tik, kisha ukakatika. Nilimuuliza ni nini. Alisema ni saa ya ukutani. Saa ya ukutani iliyoko sebuleni kwao nilimpa dada mimi mwenyewe. Mshale wake wa sekunde hutambaa, hautoi mlio; tik ile ilikuwa kama ya taa ya gari linalotaka kukata kona. Nililiona hilo palepale lakini sikusema, kwa kuwa nilikuwa wa pili na nilitaka kuwa wa kwanza.

Mbio ya sita iliisha saa 10:42. Baada ya kila mbio ya sita kuna mapumziko, na kwenye televisheni linakaa jedwali la alama na muziki mwepesi. Hakuna gari linalotembea, hakuna breki wala kishindo katika mchezo wakati huo. Tulikuwa tukizungumza. Nilimuuliza shemeji anaonaje nafasi yetu kwenye jedwali. Alianza kujibu. Alisema, "Mimi naona tukimpita yule wa nne..."

Saa 10:47 nilisikia kwenye simu matairi yakikwaruza, halafu kishindo kimoja. Baada yake vilisikika vitu vidogo vingi vya chuma vikitawanyika, kama bakuli la misumari lililomwagwa sakafuni. Shemeji alisema "Ala," kwa sauti ndogo. Nikamuuliza kuna nini. Alisema, "Kiti kimeanguka."

Daftari langu siku hiyo linasema: "10.47 kishindo. Kiti." Niliandika bila kufikiri, kama ninavyoandika uzito.

Saa 10:48 picha yake kwenye programu ilififia. Hufanya hivyo mtu akitoka au akipokea simu nyingine. Saa 10:49 mbio ya saba ilianza, na gari la kijani likaondoka kwenye mstari pamoja na mengine, vizuri kabisa, wakati shemeji hakuwapo kwenye sauti. Nilidhani anacheza huku akiongea na mtu kwenye simu.

Katika mbio hiyo, kwenye daraja, gari la kijani lilinifikia nyuma. Lilipiga honi mbili fupi, likasubiri, kisha likanipita. Mimi nikasema, "Pita, dada."

Sikukusudia kusema hivyo. Msusi aliuliza, "Dada gani, kapteni?" Msusi anaweza kuulizwa. Simfundishi la kusema.

Saa 10:58 shemeji alirudi kwenye sauti. Alisema, "Tuendelee." Kuanzia hapo hakutania tena. Tulimaliza saa 11:15 tukiwa wa tatu.

Jumatatu nilipoletwa hapa, afisa alinieleza kwamba Jumamosi kati ya saa 10:45 na 10:50 jioni, kwenye kona ya kiwanda cha magodoro, pikapu ya kampuni ya udobi ilimgonga fundi viatu anayekaa na misumari yake pembeni mwa barabara ile, ikaondoka. Mimi namfahamu. Alinitilia soli hizi nilizovaa leo. Niliambiwa mguu wake umevunjika mahali pawili na hajaweza kuzungumza. Niliambiwa pia kwamba pikapu ile huendeshwa na madereva wawili kwa zamu, shemeji na mwenzake aitwaye Mzee Taratibu, na kwamba daftari la funguo lina sahihi ya Mzee Taratibu. Yupo mahabusu tangu Jumamosi.

Mzee Taratibu anajulikana na mtaa mzima. Hajavuka gia ya tatu tangu apewe leseni. Watu humtania kwamba nguo akizipeleka zikiwa mpya, hufika zimeshapitwa na wakati. Nilikaa kwenye kiti hikihiki Jumatatu nikilijua hilo, na bado nikatia sahihi.

Jumatatu hiyo jioni nilifungua daftari. Nikaona "10.47 kishindo." Kifaa changu huhifadhi marudio ya mbio za wiki moja, kila mbio na saa yake. Nilizitazama zote za Jumamosi. Gari la kijani lilipita magari mengine mara kumi na moja. Mara zote kumi na moja lilipiga honi mbili kwanza. Kabla ya Jumamosi hiyo, katika mbio zote nilizonazo, shemeji hajapiga honi hata mara moja.

Honi mbili ni za dada yangu. Tulipokuwa wadogo mjomba alituachia kifaa cha gemu cha zamani, tukacheza mimi na yeye. Dada alikuwa hampiti mtu bila kupiga honi mbili na kungoja. Nilimcheka. Nilimwambia, "Hili ni gari, si mlango wa watu." Naye alikuwa akisema huwezi kupita mbele ya mtu bila hodi. Mimi nilikuwa namjibu, "Pita, dada." Mama alikuwa akisema nimwache, kwamba mtoto aliyefunzwa hodi haisahau hata usingizini. Hiyo ni miaka zaidi ya ishirini iliyopita. Sikujua kwamba bado anaweza kucheza.

Jumatano tarehe 18, saa 11:30 jioni, nilikwenda kwa dada. Shemeji alikuwa kazini, sikuonana naye. Dada alikuwa uani akianua nguo. Yafuatayo niliyaandika nilipofika kwangu, saa 1:10 usiku.

Alisema, "Umekuja na daftari."

Nikasema ndiyo.

"Basi hukuja kunisalimia."

Nilimwambia nimetazama marudio. Alimaliza kukunja shati alilokuwa ameshika. Akasema, "Nilidhani nimecheza kama yeye. Niligonga hata ukuta mara moja."

"Ulipiga honi, dada."

Alicheka, kisha akajiziba mdomo kwa shati lile. "Hata Jumamosi?"

"Mara kumi na moja."

"Mama alituharibu," akasema.

Aliniambia kwamba Jumamosi saa tisa na robo meneja alimpigia shemeji simu apeleke mashuka ya hoteli haraka. Mzee Taratibu alikuwa amechukua funguo asubuhi, akazirudisha adhuhuri na kuzitundika kwenye msumari bila kuandika kwamba amezirudisha. Shemeji alizichukua bila kusaini. Alikuwa akiogopa kukosa mechi. Alimwambia dada, "Shika rimoti, mimi nitaongea. Ndugu yako atanitoa kwenye timu kwa ajili ya mashuka." Hawakuwa na nia nyingine wakati huo. Haya ni maneno ya dada, lakini mimi nayaamini, kwa sababu kanuni ile niliiweka mimi.

Saa 10:48 shemeji alimpigia dada kwenye simu yake. Alimwambia amegonga. Alimwambia aendelee kucheza, asiache hata mbio moja. Dada aliendelea.

Nilimuuliza kama shemeji alijua ni mtu. Alisema, "Alisikia misumari."

Kisha aliniuliza, "Utaniweka ndani, mdogo wangu?"

Nilimwambia Mzee Taratibu tayari yumo.

"Nina watoto wawili."

Nilimwambia ni wapwa zangu. Alinipa shuka upande mmoja, yeye akashika mwingine, tukalikunja. Alisema, "Wewe hupima hata visivyopimwa." Nilimwambia Ijumaa saa tatu asubuhi nitakwenda kituoni. Nilipokuwa mlangoni aliniuliza kama mtu akifika pale kituoni anabisha mlango au anaingia tu. Nilimwambia sijui, kwa kuwa Jumatatu nililetwa.

Nakabidhi daftari langu, kurasa za mwezi wa tano na wa sita, na kadi ndogo ya kumbukumbu yenye marudio ya mbio kumi za tarehe 14. Saa ya kifaa changu na saa yangu ya mkononi zinatofautiana kwa sekunde nne. Nimepima.

Naomba liandikwe pia kwamba niliposikia kishindo nilikuwa nikiongea naye. Swali alilokuwa akilijibu lilikuwa langu.

Sina la kuongeza wala la kupunguza. Nimesomewa yote, nimeyatambua kuwa ni maneno yangu, na safari hii natia sahihi nikijua ninachokitilia.

(Sahihi ya shahidi)

MAANDISHI YA AFISA

Maelezo haya nimeyaandika mimi, koplo wa zamu, katika chumba namba 2, kuanzia saa 3:05 hadi saa 4:20 asubuhi. Shahidi ameyasoma mwenyewe baada ya kusomewa. Amerekebisha sehemu moja: niliandika "kama saa 10:47", akaomba neno "kama" liondolewe. Vielelezo viwili vimepokelewa.

Shahidi alipokuwa akitia sahihi, mlango uligongwa mara mbili, kisha kukawa kimya. Nilimuuliza kama kuna mtu anayemngoja. Hakugeuka. Alisema, "Ni dada. Hataingia mpaka umwambie apite."

Nilimwambia apite. Maelezo yake yanaandikwa kwenye karatasi nyingine.

(Sahihi ya afisa)